Kichwa Kinapoufuata Mkono: Maongezi Kuhusu Bega Lililosagika

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari zenu. Haya ni maongezi niliyoyatoa mbele ya watu ukumbini, wengi wao wastaafu, na kwa vile nimeombwa sana niyaweke kwa maandishi nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema, pale niliporopoka nimepaacha hivyohivyo. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu kutwa ni kushika mikono na miguu ya watu na kuuliza hapa je, na hapa je.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mama yangu mzazi alikuwa anachana nywele akiwa ameinamisha kichwa. Yaani mkono unaishia hapa usawa wa kidevu, af kichwa ndo kinashuka kuufuata. Nimekaa nae nyumba moja, nimemwona hivyo asubuhi kwa asubuhi zaidi ya mwaka, na mimi nalipwa mshahara kwa kuangalia mikono ya watu, na sikuona kitu! Nilidhani ni kamtindo kake tu. Mpaka siku moja namsaidia kuvaa koti nikauzungusha mkono wake kwa nje kidogo, ukagota, kama mlango uliopigwa komeo kwa ndani, na nikasikia kwenye kiganja changu vile mifupa inavyokwaruzana. Nikamuuliza mama hii imeanza lini, akanijibu "hii ya siku nyingi, mbona haisumbui". Haisumbui wakati halali ubavu wa kulia miaka miwili!

Hilo ndo nimekuja kulisema leo, mengine yote yanalizunguka hilo. Goti likisagika utachechemea na mtaa mzima utajua. Bega halina mtu wa kulitangaza, hatutembelei mabega, kwa hiyo mtu anazoea kidogo kidogo, anahamishia kazi mkono wa pili, pochi inatoka mfuko wa nyuma inakuja wa mbele, sidiria inafungwa kwa mbele halafu inazungushwa, mkanda wa gari unavutwa na mkono wa upande wa pili, na kila kitu cha rafu ya juu kinahamia rafu ya chini bila mtu kutangaza kwamba tumehama. Akifika kwetu keshapoteza nusu ya mwendo wa bega na anasema limemuanza mwezi uliopita.

Sasa tufanye kitu, na wewe unaesoma weka simu chini kidogo. Bana viwiko vyako kwenye mbavu, vikunje pembe mraba kama mtu aliebeba sinia, dole gumba liangalie juu. Haya, viwiko visiachie mbavu, fungua mikono ya mbele kwenda nje kulia na kushoto, kama unafungua mapazia. Mikono yote miwili imefika sawa? Pale ukumbini nilipowafanyisha hivi, mstari wa pili kulikuwa na mzee mmoja mkono wa kushoto umefunguka vizuri, wa kulia umebaki unaangalia mbele palepale, na yeye akawa anageuza kiwiliwili chote ili ufanane na mwenzie. Watu wakacheka na yeye akacheka. Nikamwambia baba tutaongea mimi na wewe baadae.

Huo mzunguko wa kwenda nje ndo huwa wa kwanza kuondoka bega linaposagika. Kuinua mkono juu mtu anaweza kudanganya maana anainua na kombe la bega pamoja na kupinda mgongo, ila kufungua pazia kiwiko kikiwa mbavuni hamna pa kuibia.

Bega lenyewe lipoje? Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, karibu nusu ya mpira, na kinakaa kwenye kishimo kidogo kilichopo pembeni ya kombe la bega, lile bapa la mgongoni. Kishimo chenyewe ni kama kisosi, tena kisosi kidogo kuliko mpira, wakati wowote ule ni kama robo tu mpaka theluthi ya kichwa inayogusana nacho. Nyonga imekaa ndani ya bakuli, bega limekaa juu ya kisosi, ndo maana bega linazunguka kila upande na ndo maana linachomoka. Kinacholishikilia ni misuli minne midogo ambayo kano zake zinakizunguka kichwa cha mfupa kama kola ya shati. Ikumbukeni hiyo kola, ndo itakayoamua upasuaji uwe wa aina gani.

Juu ya mpira na juu ya kisosi pamepakwa gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza. Na hapa niseme kitu maana nimechoka kukisikia: "ute umeisha". Kila mwenye kiungo kinachouma kaambiwa ute umeisha, na kuna anaemuuzia kitu cha kurudisha ute. Jamani, kiungo kilichosagika mara nyingi kina ute mwingi kuliko kawaida, kimejaa maji, shida ni gegedu kuliwa, kuwa nyembamba, kuchanika, mpaka mfupa unabaki mtupu. Gegedu haina mishipa ya damu ndo maana ikiliwa hairudi, na haina mishipa ya fahamu ndo maana inaanza kuliwa miaka mingi kabla hujasikia chochote, maumivu yanatoka kwenye mfupa wa chini yake na kwenye ule utando unaofunika kiungo. Huku pembeni mwili nao unajitahidi kujenga, unaotesha vinundu vya mfupa kuzunguka mpira, na vinundu hivyo ndo vinazidi kuuzuia mkono usizunguke.

Ni wengi kiasi gani? Makadirio ya dunia nzima yaliyotoka 2023 yanasema mwaka 2020 watu kama milioni 595 walikuwa na ugonjwa huu wa viungo kusagika, viungo vyote kwa pamoja, yaani karibu asilimia 8 ya watu wote duniani. Goti ndo linaongoza kwa mbali, kuna vidole, kuna nyonga, bega liko nyuma yao. Ila kuna mstari kwenye makadirio yaleyale ambao watu wanaupita haraka: ukienda mpaka 2050, kundi linalotarajiwa kuongezeka kwa asilimia kubwa kuliko yote ni lile la viungo vingine kama bega na kiwiko, linakaribia kuongezeka mara mbili, kwa sababu dunia inazeeka tu. Na ukiwapiga eksirei watu wa miaka 65 na kuendelea, bila kuwauliza wanaumwa nini, unakuta dalili za bega kusagika kwa kama mmoja kati ya sita hivi, wanawake wakiwa wengi kidogo kuliko wanaume. Hapo sijahesabu kile kiungo kidogo cha juu ambapo mtulinga unakutana na kombe la bega, chenyewe ukipita miaka 50 ni wachache wenye picha safi, na wengi wao hakiwaumi kabisa.

Rudini kwenye hayo maneno, hakiwaumi kabisa. Picha sio ugonjwa. Nimeona picha za kutisha kwa mtu anaelala fofofo na anainua mjukuu, na nimeona picha ya wastani kwa mtu anaelia usiku. Mtu anakuja ameshika bahasha ya eksirei kama hukumu ya mahakama, mi namwambia iweke pembeni kwanza, niambie mkono unakataa kufanya nini.

Kinacholeta ni nini? Umri na kurithi, hivyo viwili ndo vikubwa na hamna wa kumlaumu. Halafu kuna mabega yaliyowahi kuumia: lililovunjika, lililochomoka hata kama ni miaka 30 iliyopita uwanjani (vijana wa mpira mnisikie), lililofanya kazi nzito ya juu ya kichwa miaka na miaka, kupaka rangi dari, kubeba mabegani, kunyanyua vyuma. Kuna kola iliyochanika siku nyingi bila kutibiwa, kichwa cha mfupa kinapanda juu na kuanza kusaga kwenye paa la bega. Na kuna kichwa cha mfupa kinachokufa kwa kukosa damu, hiki kinawakuta hata vijana wenye selimundu, waliotumia steroidi za vidonge kwa muda mrefu, na wanywaji wa kupindukia.

Sio kila bega bovu limesagika lakini. Bega lililoganda nalo linapoteza mzunguko wa nje vilevile, ila mara nyingi ni la watu wa miaka 40 mpaka 60, wenye kisukari zaidi, na eksirei yake inatoka safi. Kola ikichanika, wewe unashindwa kuuinua mkono ila mimi nikikuinulia unapanda, bega lililosagika hata mimi nikiinua linagoma. Kuna maumivu yanayoshuka kutoka shingoni. Na la kuchukulia kwa uzito: bega au mkono wa kushoto unaouma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata hayo sio mambo ya kuja kwangu na mafuta ya kuchua, ni emajensi, moyo. Bega jekundu, la moto, lenye homa nalo usilisubirishe.

Picha inayotakiwa ni eksirei ya kawaida tu, lakini iwe na ile ya pembeni inayopigwa kupitia kwapani, maana picha ya mbele peke yake inaweza kuonyesha nafasi bado ipo wakati mpira umeshasogea nyuma na umekula kisosi upande wa nyuma. MRI na siti skani sio za kuanzia, zinakuja pale kola inapotiliwa shaka au daktari anapopanga upasuaji.

Haya, matibabu. Hamna dawa inayorudisha gegedu. Hamna kidonge, hamna unga, hamna sindano, na anaekwambia ipo muulize mbona madaktari wa mifupa wenyewe wanawekewa mabega ya bandia. Kinachotibiwa ni maumivu na mwendo, na kwa watu wengi hilo linatosha kuishi vizuri miaka mingi.

Mazoezi kwanza, na msidhani navutia kwangu, tafiti za mazoezi kwa bega ni chache na dhaifu kuliko za goti, mwenye duka mwenyewe ndo nawaambia. Ila ninachokiona kila wiki ni kwamba bega linaloachwa kabisa linakakamaa, na bega linalolazimishwa kwa hasira linavimba, katikati hapo ndo pa kukaa. Mama nilimpa mawili tu. La kwanza, shika meza kwa mkono mzima, inama, mkono mbovu uning'inie kama kamba ya kisima, uuache uyumbe, usiupeleke wewe, uache mwili ndo uuyumbishe, dakika mbili. La pili, lala chali, taulo lililokunjwa chini ya kiwiko, shika mti wa ufagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima unausukuma ule mbovu taratibu kwenda nje, unafika pale panapovuta, unakaa hapo pumzi tano, unarudi. Wiki ya kwanza alinitukana. Ikiuma kidogo na ikatulia jioni hiyohiyo endelea, ikikunyima usingizi umezidisha, punguza, wala usiache. Baadae tunaongeza ya kutia nguvu misuli ya kola na ya kombe la bega kwa mpira wa kuvuta, sio kwa vyuma vya kusukuma juu ya kichwa.

Usiku ndo unaowaleta wengi. Lala chali na mto chini ya kiwiko na mkono wa juu, mkono usidondoke nyuma ya usawa wa mwili, au lala ubavu mzima umekumbatia mto. Na nguo jamani: mkono mbovu unaingia kwanza na unatoka mwisho. Hiki kitu kidogo kimeokoa machozi mengi kuliko vidonge.

Vidonge navyo vipo. Parasetamoli haina makali sana kwa ugonjwa huu, watu wanaijaribu kwa sababu madhara yake ni machache ukifuata dozi. Za kundi la ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia zaidi, ila zinakula tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo, na mzee mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo asizinunue dirishani kama pipi, amuulize daktari kwanza. Ya kupaka ni salama zaidi japo bega limekaa ndani kidogo kuliko goti. Glukosamini? Pesa yako.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo inatuliza wiki kadhaa, wengine miezi, na ni nzuri kufungua dirisha la kufanya mazoezi, hasa ikichomwa kwa kuangalia na ultrasaundi maana kuipata nafasi ya bega kwa kubahatisha sio rahisi. Mwenye kisukari sukari yake itapanda siku kadhaa, ajipime. Kuchoma kila baada ya wiki chache hapana, na kama una mpango wa upasuaji ndani ya miezi mitatu usichomwe, hatari ya usaha inaongezeka. Ile nyingine ya jeli, ya "kurudisha ute", chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2020 kuhusu bega kilisema wazi kwamba haina faida. Na za kuchuja damu yako na kukurudishia, au za seli shina, zinauzwa kwa ujasiri mkubwa kuliko ushahidi wake.

Upasuaji ni pale maumivu yamekunyima usingizi na kazi na hayo yote umeyajaribu miezi kadhaa kweli, sio wiki mbili. Kuna wa kuingiza kamera na kusafisha, unamsaidia kijana ambae bado hajasagika sana, nafuu yake ina muda. Mkubwa ni bega la bandia. Historia yake inanifurahisha: la kwanza liliwekwa Paris mwaka 1893 na daktari Jules-Émile Péan, mgonjwa wake alikuwa muoka mikate wa miaka 37 ambae bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu, bandia yenyewe ilitengenezwa na daktari wa meno kwa platinamu na mpira! Lilimfanyia kazi kama miaka miwili, ugonjwa ukarudi, likatolewa. Bega la bandia la zama zetu lilikuja na Charles Neer wa New York kuanzia miaka ya 1950.

La kawaida linafuata umbo la asili, mpira wa chuma kwenye mfupa wa mkono, kisosi cha plastiki kwenye kombe la bega. Linahitaji kola nzima. Kola ikiwa imechanika, mpira unapanda juu na kukipigapiga kisosi ukingoni mpaka kinalegea, na hapo watu walikwama miaka mingi, mpaka Mfaransa Paul Grammont mwaka 1985 alipofanya kitu ambacho ukikisikia unadhani fundi kakosea kufunga: akageuza, mpira akauweka kwenye kombe la bega, kisosi akakiweka kwenye mkono. Kwa kugeuza hivyo ule msuli mkubwa wa juu ya bega unapata uwezo wa kuinua mkono peke yake bila kola. Ilianza kwa wazee wenye kola zilizokwisha tu, siku hizi inawekwa mara nyingi kuliko ile ya kawaida kwenye nchi kama Marekani.

Matokeo ni mazuri, hasa kwa maumivu, zaidi ya 9 kati ya 10 ya mabega haya yanakuwa bado yapo yanafanya kazi baada ya miaka 10. Mwendo unarudi ila sio wote, asikudanganye mtu. Hatari zipo: kulegea, kuchomoka, mshipa wa fahamu kuumia, na usaha wa bakteria mmoja anaekaa kwenye ngozi ya bega na kwapa, anakua polepole mno, anaweza kuonekana miezi mingi baadae kama bega tu lisilotulia. Baada ya upasuaji mkono unaning'inizwa kama wiki nne mpaka sita, na kosa ninaloliona kila mara ni mtu kujisukuma kwa mkono uleule kuinuka kwenye kiti. Ile kano ya mbele inakatwa na kushonwa ili daktari apite, msukumo mmoja wa kiti unaweza kuifumua. Nenda na mkono mwingine. Mwaka mzima ndo unajua umefika wapi.

Mama hakupasuliwa, hakutaka, na maumivu yake hayakufika huko. Anachana nywele kichwa kimeinama kidogo tu sasa hivi, na analala upande anaotaka.

Ukumbi ulipotawanyika yule mzee wa mstari wa pili akanifuata. "Mwanangu, mi nipasuliwe nisipasuliwe?" Nikamuuliza, baba unalala? Analala. Vidonge unakunywa? Mara mojamoja, baridi ikizidi. Nini mkono umekataa ambacho unakitaka? Akafikiri sana, akasema kufikia swichi ya taa ya ukutani, ila siku hizi anawasha kwa mkono wa kushoto. Basi baba kwa sasa hupasuliwi, nikamwambia, kapige eksirei na ile ya kwapani usisahau, uniletee, na jioni ya leo mti wa ufagio. Akasema sawa. Akachukua koti lake kwenye kiti, akasimama nalo kidogo akiliangalia, halafu akaingiza mkono wa kulia kwanza.